Apdeti za WordPress kwenye seva yako: zip, Subversion au Git?

fundi_mpole
Wakuu habari za mchana. Nina blogu ya WordPress kwenye ka-VPS kangu (ka-seva ka kukodi), kila toleo jipya likitoka nashusha zip, nafungua FileZilla (programu ya kuhamisha mafaili), napandisha mafaili upya, sasa wiki jana umeme ukakatika nikiwa katikati ya wp-includes (folda la kodi ya WordPress), saiti ikawa nyeupe pe mpaka usiku. Nasikia kuna wanaotumia Subversion na wengine Git, hizi programu za kufuatilia matoleo ya kodi, kipi afadhali? Na bando langu la kuungaunga hili.

mama_seva
Pole sana. La bando lisikuumize kichwa, ukiingia kwa SSH (njia ya kuiamuru seva kwa maandishi ukiwa mbali) seva ndo inashusha, we unatuma maandishi tu. Mi natumia Subversion kwa sababu WordPress wenyewe ndiko wanakotunza kodi yao. Fanya bakapu, halafu ndani ya folda la saiti andika toleo lilelile unalotumia sasa, mfano:

svn checkout --force https://core.svn.wordpress.org/tags/6.7/ .

Hiyo --force ni kwa vile mafaili yapo tayari. Likija jipya:

svn switch https://core.svn.wordpress.org/tags/6.7.1/ .

Inaleta yaliyobadilika tu, wp-config.php (faili la mipangilio lenye paswadi ya databesi) na picha zako haigusi. Ukimaliza fungua /wp-admin/upgrade.php basi.

kijana_wa_tawi
Git bana. Kule GitHub, tovuti ya kutunzia kodi, kuna kopi ya kodi hiyohiyo, unaklonia (unakopi) toleo moja kwa --depth 1 usibebe historia ya miaka yote. Mi nilichoipendea ni git status, amri ya kuonyesha mafaili yaliyobadilika au yasiyo ya WordPress, kuna siku nimeipiga tu bila sababu nikakuta faili la PHP silijui limekaa kimya ndani ya wp-includes, jamaa kaingilia plagini iliyochakaa. Bila Git ningelijulia wapi?

mama_seva
Hata svn status ya Subversion ingekuonyesha alama ya ulizo kwenye faili isilolijua mdogo wangu 😄

mzee_wa_bakapu
Nyote mmesahau vitu. WordPress ikiona folda la .git au .svn (linaloachwa na Git au Subversion) inazima zile apdeti zake za kujiendesha, zilizoanza na toleo la 3.7 mwaka 2013. Yaani kiraka cha usalama kikitoka na wewe umelala, hakuna wa kukuwekea. Pia folda hizo zizuieni kwenye Nginx au Apache (programu inayowapa wageni kurasa za saiti), mtu akifungua /.git/config kwenye brauza ikamjibu, ujue anaweza kuvuta kila kitu mlichowahi kuhifadhi humo. Na ukirudi toleo la nyuma mafaili yanarudi, databesi hairudi, kwa hiyo mysqldump (amri ya bakapu ya databesi) kwanza. Kwa blogu moja mi ningepiga wp core update ya WP-CLI (zana ya kuendesha WordPress kwa amri) nikalale zangu.

kijana_wa_tawi
Hapo kwenye apdeti mzee umenishika, sikuwa najua kabisa.

fundi_mpole
Mrejesho wakuu. Nimefuata ya mama_seva, ile switch haikumaliza hata dakika. Ila svn status ilitoa maulizo kibao, plagini zangu, uploads, na katikati yake:

?       wp-config.php.bak

Nikaifungua kwenye brauza, paswadi ya databesi hiyo hapo, kila mpita njia anaisoma. Nimeifuta, na paswadi nabadilisha sasa hivi.