Nampeleka mzee wangu Misri, magoti yake mabovu ila anataka aingie ndani ya kaburi. Naombeni ushauri

MtotoWaMwalimu: Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa waliowahi kufika Misri. Mdogo wangu anasoma Cairo, katualika mimi na mzee mwezi wa 12, tutakaa siku nne tu. Mzee ana miaka 71, kafundisha historia sekondari mpaka kastaafu, hata mimi kanifundisha form one na mpaka leo naiona ile piramidi ya mfalme Djoser anavyoichora ubaoni kwa chaki, ngazi sita, pembeni anaandika IMHOTEP, jina la aliyeibuni, halafu anapigia mstari mara mbili. Hajawahi kutoka nje ya Tanzania. Sasa anasema picha na ngamia hana shida nazo, yeye anataka aingie ndani ya kaburi aone maandishi ukutani kwa macho yake. Shida ni magoti, anatembea na mkongojo, na presha anayo. Kuna dereva anasema kwa siku moja anatupitisha Giza, Saqqara na Dahshur, sehemu tatu zenye piramidi, na kote tunaingia ndani. Mimi naogopa kwa kweli. Wapi anaweza kuingia bila kuumia?

Kibwana_Tz: Hongera kwa kumkumbuka mzee. Hiyo ya sehemu tatu kwa siku moja kataa kabisa. Dahshur ile piramidi nyekundu ya mfalme Sneferu, baba yake Khufu mwenye ile piramidi kubwa ya Giza, unapanda kwanza kwa nje kama mita 28 ndo unakuta mlango, halafu unashuka kinjia cha mita 60 na kitu ambacho kimo chake hakifiki hata mita moja, umejikunja muda wote, na huko chini hewa nzito. Nilienda nina miaka 34, mapaja yaliuma siku tatu. Mzee wa mkongojo hapana.

DadaWaPangani: Kaka naomba unisikilize hapa maana watu wengi wanakosea. Kama mzee anataka MAANDISHI basi hata Giza usimwingize ndani, atapanda kile kinjia cha piramidi ya Khufu kwa mateso afike chumbani akute kuta tupu, hakuna hata herufi moja. Piramidi zilianza kuandikwa ndani baadaye, kwa mfalme Unas mwishoni mwa nasaba ya tano, na hiyo iko Saqqara. Kwa hiyo siku nzima ipeni Saqqara, ni kama kilomita 30 tu kusini mwa Cairo, na ile piramidi yake ya ubaoni ipo hapohapo.

Tena sio lazima aingie kwenye piramidi. Ulizia mastaba ya Mereruka, waziri wa mfalme Teti. Mastaba ni Kiarabu, maana yake ni kama zile baraza zetu za kukalia nje ya nyumba, makaburi yenyewe kwa nje yana umbo hilo. Pale unaingia umesimama wima, huinami, na ndani kuna vyumba zaidi ya 30, kuta zimechongwa mwanzo mwisho: viboko mtoni, wavuvi, fisi wamelazwa chali wanalishwa kwa nguvu, mpaka wakuu wa vijiji wanaoletwa kuhesabiwa kodi na mmoja kafungwa kwenye nguzo anachapwa. Halafu mbele kuna sanamu ya Mereruka mwenyewe katanguliza mguu wa kushoto kama anatoka ukutani kuja kwako. Nilisisimka mwili mzima. Kaburi la Kagemni liko jirani tu, hatua chache.

Msafiri_wa_Usiku: Mi ningempeleka Luxor, Bonde la Wafalme. Getini kuna vigari vinawasogeza karibu na makaburi, na rangi za kule Saqqara haioni ndani. Kaburi la mfalme Tutankhamun ni dogo, ngazi zile 16 alizozifukua mwanaakiolojia Carter mwaka 1922, na mwenyewe bado kalala humohumo.

DadaWaPangani: Rangi nakubali kabisa, ila Luxor ni zaidi ya kilomita 600 na wao wana siku nne na mzee mgonjwa. Bora siku ya pili aende makumbusho ya Fustat hapohapo Cairo, maiti zilizokaushwa za wafalme 18 na malkia 4 zilihamishiwa huko Aprili 2021, kuna lifti na viti, anawaona Mafirauni uso kwa uso bila kupanda ngazi.

Bi_Mwanaidi: Mwanangu mkifika mtulize sauti, wale ni maiti za watu. Na baba yako asishike kuta, jasho la mikono linaharibu.

Kibwana_Tz: Nyongeza ndogo. Muende asubuhi, na neno jangwa lisiwadanganye, mwezi wa 12 kuna upepo wa baridi, abebe sweta. Kadi ya benki muhimu, siku hizi madirisha mengi ya tiketi hawataki keshi. Baadhi ya makaburi yana tiketi yake ya ziada, uliza palepale getini kabla hamjaingia, msije mkarudishwa mlangoni. Ila noti ndogondogo kuwa nazo, walinzi watataka bakshishi.

MtotoWaMwalimu: Nawashukuru sana wakuu, dada umeniokoa, mimi nilishamuahidi Giza ndani. Dereva nimeshamwambia ni Saqqara tu.

MtotoWaMwalimu: MREJESHO. Tumerudi jana kutoka Saqqara, mzee kaingia kwa Mereruka na kwa Kagemni kwa miguu yake, kapumzika mara mbili. Kwenye ile sanamu alivua kofia akasimama muda mrefu mpaka nikamshika mkono nikidhani presha imepanda, akaniambia niache kwanza. Wale wanaochapwa kwa ajili ya kodi alinielezea mmojammoja kama niko darasani tena, watalii wengine wakawa wamesimama wanamsikiliza wala Kiswahili hawajui. Kwa Teti hatukuingia, kale kanjia ka kuinama alikaangalia tu akatikisa kichwa.

Tulipotoka tukaenda mbele ya Djoser. Akamuuliza mlinzi kwa Kiingereza, Imhotep mwenyewe kazikwa wapi? Yule mlinzi akanyoosha mkono akauzungusha polepole jangwa lote, maana kaburi lake halijapatikana mpaka leo. Mzee akaitikia tu, akabaki anaangalia kule mchangani. Leo kaamka kabla yangu, anauliza Fustat wanafungua saa ngapi.