"Leg" ya Wazungu ina maana ngapi?

MgumuWaMachame: Wakuu, salaam kutoka Moshi. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo ya wageni njia ya Machame, Mlima Kilimanjaro, nataka niwe kiongozi, kwa hiyo najifua Kiingereza. Juzi pale kambi ya Barafu mgeni Mwingereza alinyoosha kidole kileleni akasema kimebaki "the last leg". Nikamwambia ni mwendo wa saa sita mpaka nane hadi kilele cha Uhuru, akacheka: "You're pulling my leg!" Kamusi yangu inasema leg ni mguu, basi. Nisaidieni.

BabaMajengo: Mdogo wangu, hilo la pili alidhani unamtania. Nao wanaoshuka huwa hawacheki tena.

La kwanza ni kipande cha safari. Mabaharia wa tanga hupanda upepo kwa kukata mshazari, huku kisha kule, na kila kipande kilichonyooka ni leg. Ndege vilevile: uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hadi Addis Ababa leg moja, Addis hadi London ya pili. Kwako wewe, Barafu mita 4,673 hadi Uhuru 5,895 ndiyo ya mwisho ya kupanda.

Sasa sikiliza vizuri herufi s. Akisema "I'm on my last legs" haongelei njia tena, amekwisha. Usimjibu "pole pole" ukaendelea na mzigo wako. Mwite kiongozi mkuu, mtazame anavyotembea. Akiyumba kama mlevi na maneno hayaeleweki, anashushwa hapohapo, hata kama Stella Point, ukingo wa kreta, inaonekana. Wapo watakaolia na kukukumbusha hela walizolipa. Shusha.

MwalimuMstaafu_Soweto: Naongezea kidogo. Neno hilo Waingereza walilipata kwa Waskandinavia. Kabla yake walikuwa na "shank". Shida yetu ni kwamba mguu wa Kiswahili unaanzia pajani hadi vidoleni, wao wamegawa: leg huku juu, foot kuanzia kifundoni kushuka. Mgeni akisema "my feet are cold", mtafutie soksi kavu. Akisema "I've got cold feet", soksi hazitasaidia, ameingiwa na woga, anataka kughairi.

MamaMitumba: Sisi wa soko la Kiboriloni hatuna shida hizo 😂 Jinzi ikiandikwa W32 L34, L ni urefu wa mguu kwa inchi, unapimwa upande wa ndani. Ila kaka, "mguu wa kuku" usije ukamtafsiria mgeni neno kwa neno, atadhani ni chakula... kumbe mtaani maana yake ni bastola.

MgumuWaMachame: Mwalimu shikamoo, ahsanteni wote. Na "break a leg", yaani vunja mguu? Aliniambia tukiagana getini Mweka, nilipomwambia nina usaili wa uongozaji.

BabaMajengo: Hiyo ni ya waigizaji, wanatakiana heri kabla ya kupanda jukwaani. Alikuombea ushinde usaili. Ila wewe usimwambie mgeni anayeanza kupanda ukuta wa mawe wa Barranco.