Mbwa hai kuwa nembo ya chuo kikuu: heshima au mateso?

Mpare wa Georgia
Wakuu, naomba tujadili hili bila kutukanana. Jumamosi moja ya Septemba nilimpeleka binti yangu Athens, hapa jimbo la Georgia, kutazama futiboli ya Kimarekani. Chuo Kikuu cha Georgia kina mbwa wake, buldogi mweupe aitwaye Uga. Simsemi mtu aliyevaa vazi la mbwa, nasema mbwa mwenyewe. Akizeeka au akifa anarithiwa na mwingine, kama ufalme. Wa sasa ni wa kumi na moja, alivishwa kola Aprili 2023. Wote wamelelewa na familia moja ya Savannah, akina Seiler, tangu 1956. Ana jezi, ana kibanda chenye kiyoyozi kando ya uwanja, anakalia mifuko ya barafu, na waliomtangulia wamejengewa makaburi humo humo uwanjani.
Binti yangu ana miaka minane. Alimtazama muda mrefu, akaniuliza, "Baba, mbona hafungi mdomo?" Nikakosa jibu. Jua kali, watu zaidi ya 90,000 wanapiga kelele, mbwa ulimi nje, kifua kinapanda na kushuka. Kwangu mimi ile barafu ndiyo ushahidi. Kiumbe asiyeweza kumaliza mchana bila barafu, mahali pale si pake. Mbwa wa kwetu hana jezi wala kiyoyozi, lakini angalau yuko huru.

Kamanda wa Thika
Huru? Mleta mada, ulitoka huku lini? Mbwa wa kwetu amefungwa mnyororo wa mita moja na nusu nyuma ya nyumba, kibanda cha mabati, saa saba mchana ndani ni tanuri. Anafunguliwa usiku alinde, asubuhi anarudishwa. Chakula ni ugali wa jana. Maji akikumbukwa. Na asiyefungwa ni yule koko wa jalalani, anayepigwa mawe na watoto wakitoka shule. Huo ndio uhuru unaomtambia Mmarekani? Usitudanganye mbele ya watu.

Mpare wa Georgia
Kamanda, sijamdanganya mtu. Nimekulia Same, mbwa wetu walikuwa wakizunguka na ng'ombe mchana kutwa na hakuna aliyewafunga. Wewe unazungumzia mbwa wa kota za mjini, mimi namzungumzia mbwa wa machungani. Na uzi huu unahusu Uga.

Kamanda wa Thika
Wewe ndiye uliyewaleta mbwa wa kwetu, si mimi. Na hao wa machungani, aliyewachanja ni nani? Jibu hilo kwanza.

Mganga wa Mifugo
Jamani, ngojeni kidogo. Mtoto ameuliza swali la maana kuliko sisi wote hapa. Hafungi mdomo kwa sababu hawezi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, joto linamtoka kwa kuhema. Buldogi amezalishwa kwa kuchagua uso bapa kizazi baada ya kizazi, hadi tundu za pua zimebana na nyama laini ya kaakaa imezidi nafasi yake. Kwa hiyo kile kifaa cha kupozea mwili ndicho kilichoharibiwa. Wengi hawazai kwa njia ya kawaida, kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko nyonga ya mama, basi ni upasuaji. Norwei mahakama ilishapiga marufuku kuwazalisha, 2022 kama sikosei. Huyo Uga angekaa hata sebuleni, tatizo lingekuwa pale pale.

Shabiki wa Athens
Daktari, kwa heshima, hiyo ya Norwei umeishia katikati. Mahakama ya Oslo iliamua hivyo mwanzoni mwa 2022, lakini mwaka huo huo rufaa ikawaondolea hatia wafugaji wa buldogi. Marufuku ikabaki kwa aina nyingine, kale kambwa kadogo ka masikio marefu.
Mimi nimesoma pale Athens, chuo ambacho Kiswahili kinafundishwa, msidhani ni kijiji cha watu wasiojua dunia. Neno "mateso" limeniuma. Uga wa nne alipelekwa New York mwaka 1982 kwenye hafla ya Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, akiwa amevaa suti ya tai. Wa tano, 1996, alimrukia mchezaji wa chuo pinzani cha Auburn aliyekatiza karibu naye, picha ile kila mtu kule anaijua. Mbwa anayeteswa hana moyo wa kuruka vile! Na wa kumi aliona chuo kikichukua ubingwa wa taifa mara mbili mfululizo, akafa usingizini Januari 2024 akiwa na miaka kumi. Nionyesheni buldogi mwingine aliyepata daktari, safari na familia kama ile.

Mganga wa Mifugo
Umemtaja aliyefika kumi. Wa saba alikufa 2009 kwa moyo, ana miaka minne. Wa nane saratani ya tezi za limfu ilimchukua Februari 2011, hajafikisha miaka miwili. Sisemi uwanja uliwaua. Nasema huwezi kuchagua yule mmoja aliyefika uzeeni ukanyamaza kuhusu wenzake.

Ustadh Chipukizi
Mnaandika kurasa kwa kurasa juu ya najisi. Mbwa ni mbwa. Watu wana njaa duniani.

Binti Kisauni
Ustadh, hapo sikuachii. Mimi ni Mshafii, nimelelewa na bibi aliyekuwa akiosha chombo mara saba, moja kwa udongo, mbwa akikitia ulimi. Hukumu ya chombo naijua. Lakini najisi ni hukumu ya mate na unyevu wake, haikupi ruhusa ya kumdharau kiumbe. Yule mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu alimghufiria. Hadithi hii tunafundishwa madrasani tungali watoto. Na mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa ndani ya Qur'ani, sura ya Al-Kahf, amenyoosha miguu yake kizingitini. Ukiona mbwa anahema ulimi nje na jambo la kwanza linalokujia mdomoni ni "najisi", basi rudi usome tena.

Ustadh Chipukizi
Sikusema ateswe, dada yangu. Nilisema asipewe kipaumbele.

Binti Kisauni
Ulisema "mbwa ni mbwa". Soma ulichoandika.

Kamanda wa Thika
Shukrani, Binti. Nami niulize kitu, yule fahali wa Chuo Kikuu cha Texas aliyemvamia huyo Uga uwanjani, ile habari iliishaje? Niliona video zamani, nikadhani mbwa amekufa.

Shabiki wa Athens
Ni maksai, si fahali, anaitwa Bevo. Ilikuwa 1 Januari 2019, New Orleans, kabla ya mechi ya Sugar Bowl. Walipelekwa wapigwe picha pamoja, maksai akavunja uzio, watu wakakimbia. Uga hakuguswa. PETA, shirika la kutetea wanyama, wakadai vyuo viache kutumia wanyama hai. Kwa siku ile nakubali, kumkaribisha mbwa wa kilo ishirini na kitu mbele ya pembe zile ulikuwa upumbavu wa wapiga picha.

Mpare wa Georgia
Basi tumekubaliana jambo moja, tuendelee. Mimi sipingi kila mbwa wa chuo. Chuo cha Texas A&M wana Reveille, mbwa wa jamii ya koli mwenye manyoya marefu. Anaishi na kadeti anayemtunza, anaingia naye darasani, na kwa mila yao akibweka kipindi kinaahirishwa. Chuo cha Tennessee wana Smokey, mbwa wa kuwinda, pua ndefu, masikio yananing'inia, tangu 1953. Ukimtazama unaona mbwa anayeweza kukimbia akarudi. Chuo Kikuu cha Yale ndio walioanza, 1889, nao ni buldogi. Mbwa wao wa kwanza wakamkausha wakamweka kwenye sanduku la kioo. Kwa hiyo labda swali langu nililiuliza vibaya. Kinachoniumiza ni ile pua.

Shabiki wa Athens
Ukibadilisha pua umebadilisha Uga. Yule mbwa ni ukoo. Watu wamezika baba zao wakiwa na picha yake ukutani.

Mganga wa Mifugo
Ukoo unaweza kunyooshwa pua polepole, kwa kuchagua wazazi wenye tundu pana, na akabaki mweupe, akabaki buldogi. Mbona wamejua kuchagua rangi miaka yote hii? Kamanda, nawe hukujibiwa. Mbwa wa machungani huchanjwa kichaa siku ya kampeni, na wengi hukosa. Wa kwako amechanjwa lini?

Kamanda wa Thika
Mwaka jana. Kadi ninayo. Lakini nikiri, mnyororo ni mfupi. Alimuuma mtoto wa jirani, mama yake akaja hapa analia, nikaapa hatafunguliwa mchana tena. Sasa kila nikisoma huu uzi namsikia huko nyuma.

Mganga wa Mifugo
Chimbia nguzo mbili, mita kumi au kumi na mbili, vuta waya mnene katikati, mnyororo uutie kwenye pete inayoteleza juu ya waya. Funga kizuizi kabla ya nguzo asijizungushe akajinyonga. Upande mmoja uwe na mti, maji yawe ndoo nzito asiyoweza kuipindua. Mtoto wa jirani hatafikiwa na mbwa atatembea.

Kamanda wa Thika
Waya wa unene gani?

Mganga wa Mifugo
Milimita nne, tano. Wa kamba ya nguo utakatika.

Mpare wa Georgia
Shabiki, tukiachana na pua. Mechi za Septemba za mchana, angeingia robo ya kwanza tu, watu wamshangilie, kisha arudishwe hotelini. Chuo kinapoteza nini?

Shabiki wa Athens
Septemba nakubaliana nawe. Novemba kukiwa na baridi, aketi hadi filimbi ya mwisho, na hapo simsikilizi mtu.