Motisha ya fedha kwa watumishi wa afya: mliokuwa Pwani enzi zile, tupeane uzoefu

Mkunga Mstaafu
Wanajamvi salaam. Malipo kwa ufanisi yalipoanza mkoa wa Pwani Januari 2011, kwa fedha za Norway, nilikuwa zahanati moja ya ndani huko Bagamoyo. Tulipimwa kwa vinavyohesabika: wangapi wamejifungulia kwetu, wajawazito wangapi wamemeza SP, dawa ya kukinga malaria, kliniki, watoto wangapi wamechanjwa. Kila miezi 6 wahakiki wanapekua rejesta za MTUHA, yaani daftari za takwimu za kituo, ndipo fedha zitoke. Sehemu kubwa tunagawana watumishi, robo inabaki kwa zahanati.

Hiyo robo ndiyo iliyonigusa. Tulinunua pazia la leba na taa ya sola. Kabla ya hapo nilikuwa nazalisha huku tochi nimeibana kwa meno. Za mfukoni zilichelewa mno, na dada wa usafi akaambulia kidogo, wakati damu ya sakafuni alifuta yeye. Lile liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walilinganisha na wilaya zisizo na mpango, wakakuta kujifungulia vituoni kumepanda kwa pointi 8.2 za asilimia zaidi. Naamini, maana kina mama hao niliwapokea mimi.

Wenzangu mliona nini?

Mama wa Kiromo
Shikamoo mama mkunga. Nilijifungua 2012. Nesi alinifuata nyumbani mara mbili kuniuliza tarehe, bibi yangu akabaki mdomo wazi. Nilipokelewa vizuri sana, namwombea dua hadi leo. Ila siku ileile baba yangu alikaa benchi na kidonda cha kisukari tangu asubuhi, akaonwa saa nane mchana. Kumbe kisukari hakikuwa kwenye hesabu?

Msambaa wa Glasgow
Mimi wa Lushoto, nafanya kazi mapokezi ya kliniki huku Scotland. Na huku yalipita. Uingereza ilianza 2004, madaktari wa familia wakawekewa pointi 1,050: presha, kisukari, pumu, kila pointi ina bei yake. Scotland ikaachana nayo 2016. Wauguzi wa zamani wananisimulia daktari alivyokodolea macho kompyuta ajaze vidirisha, mgonjwa kaja na huzuni zake hazina kidirisha. Lakini mama mkunga, daktari wa huku hakuwa na taa ya kununua. Taa aliikuta. Ndiyo maana sikubali tukiwekwa kapu moja.

Mkunga Mstaafu
Marahaba mwanangu wa Kiromo. Hapana, kisukari hakikuwemo. Sitamtetea mtu, hata mimi mwenyewe: rejesta ya wazazi tuliijaza papo hapo, ya wagonjwa wa nje ikisubiri Ijumaa. Mzee anaendeleaje?

Mama wa Kiromo
Alikatwa mguu 2014, mama. Yupo, anasuka ukindu barazani. Huyo mtoto niliyemzaa siku ile ndiye anayempeleka msikitini.