Maji moto kwenye mikorosho: niwaache au niwafukuze?

Mkulima wa Newala

Habari za kazi, ndugu wakulima. Nina shamba la mikorosho hapa Newala. Sehemu moja ni mikorosho ya zamani ambayo matawi yake yamefungamana, na sehemu nyingine ni miche niliyopanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Kwenye ile ya zamani maji moto, wale sisimizi wa mitini wanaong'ata, wamejaa, na viota vyao vya majani yaliyoshonwa unaviona tangu ukiwa mbali. Nimegundua kwamba machipukizi ya miti hiyo hubaki mazima, ilhali kwenye miche mdudu aitwaye mbu wa mikorosho huyafyonza mpaka yanapata madoa meusi na kukauka kuanzia nchani. Vijana wanaonisaidia kupalilia wananiomba nipulize dawa ili wafanye kazi bila kung'atwa, lakini baba mkubwa, ambaye ndiye aliyeniachia miti hiyo, anasema maji moto ndio walinzi wa shamba na wasiguswe. Naomba kujua kama jambo hili limethibitishwa na wataalamu, kama ninaweza kuwahamishia kwenye miche, na nifanye nini msimu wa kupuliza salfa.

Bwana shamba mstaafu

Ndugu yangu, baba mkubwa wako yuko sahihi, na ninakusihi usipulize kabla hujasoma maelezo haya. Maji moto ni wawindaji wanaozunguka mti mchana kutwa, na kwa mbu wa mikorosho kazi yao haiishii kwenye kumkamata na kumla. Mbu huyu anahitaji kutulia kwenye chipukizi laini ili afyonze na kutaga mayai ndani yake, na mahali penye msururu wa maji moto hapati utulivu huo. Ulinzi wao hufika pia kwa mdudu anayefyonza korosho changa, ambaye ndiye yule yule anayesumbua minazi. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamewafanyia kazi maji moto wetu katika mikorosho, na kule kaskazini mwa Australia wakulima wamewatumia ndugu zao wa karibu kulinda mikorosho dhidi ya mbu wa jamii hiyo hiyo. Wachina walikwisha kuandika mwaka 304 juu ya viota vya sisimizi hawa vilivyouzwa sokoni ili vitundikwe kwenye michungwa, kwa hiyo elimu hii si ngeni duniani.

Kuhusu salfa, tofautisha mambo mawili. Ubwiriunga, ugonjwa tunaoupulizia salfa, ni ukungu, na maji moto hawawezi kuuzuia, kwa hiyo salfa utaendelea kuihitaji. Kinachowamaliza maji moto ni viuatilifu vya wadudu, ambavyo wakulima wengi huvipuliza shamba zima hata kwenye miti isiyo na mbu. Iwapo miche itashambuliwa sana, puliza miche hiyo peke yake, siku isiyo na upepo, na uache mikorosho ya zamani kama ilivyo.

Sasa kuhusu kuwahamisha, hapa ndipo wengi hukwama. Kundi moja la maji moto huwa na viota vingi vilivyotapakaa kwenye miti kadhaa, lakini malkia huwa mmoja, naye hukaa katika kiota kimojawapo, mara nyingi juu sana. Ukikata viota viwili vitatu bila malkia na kuvitundika kwenye mche, utawaona wakihangaika kwa muda, kisha watapungua na kwisha, kwa sababu vibarua hawawezi kuzaa vibarua wenzao. Vilevile ukichanganya viota vya makundi mawili, watapigana mpaka waangamizane. Kabla ya kuhamisha, chukua kijiti chenye maji moto wa mti mmoja ukisogeze kwenye msururu wa mti wa pili. Wakigusana kwa papasi za kichwani na kuendelea na safari zao, ni kundi moja, lakini wakikamatana miguu na kuvutana, acha.

Bi Shamba wa Unguja

Nakubaliana na mzee, nami naongeza la kwetu visiwani. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza aitwaye Way alifanya utafiti hapa Zanzibar juu ya vidaka vya minazi vilivyokuwa vikianguka kabla ya kufika kuwa vitale, akaonesha kwamba minazi yenye maji moto ilisalimika. Mdudu mharibifu mwenyewe jina lake la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, linatokana na jina la mtaalamu huyo.

Lakini tatizo letu kubwa halikuwa uhaba wa maji moto, bali adui yao, yaani sisimizi wadogo wa kahawia wenye askari wa vichwa vikubwa, ambao hutengeneza viota ardhini kwenye shina. Hao wakishika mti, maji moto hawapandi, na wao wenyewe hawaulindi. Basi ndugu yangu wa Newala, kabla ya kuhamisha chochote, inama uangalie chini ya kila mche: ukiona udongo laini uliofukuliwa shinani na msururu wa wadogo hao ukipanda, ujue maji moto utakaowaleta watauawa. Hapa kwetu kuliwahi kujaribiwa chambo chenye sumu ya taratibu, ambacho sisimizi hao hukibeba wenyewe mpaka kiotani. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kutokwangua ardhi yote ikabaki tupu. Utafiti uliofanywa Tanzania katika minazi na michungwa ulionesha kwamba majani yakiachwa chini, sisimizi wenye vichwa vikubwa hutafuta chakula chao huko huko ardhini na hupungua mitini, na maji moto hupata nafasi. Kwa hiyo fyeka majani, usiyang'oe yote.

Mkulima wa machungwa, Muheza

Kwa heshima zote, naona sifa zimezidi. Katika michungwa yangu maji moto wanafuga vidugamba, wale wadudu wadogo wanaofyonza mti, kwa ajili ya utamu wao, na majani yanapata masizi meusi. Uchumaji nao ni mateso. Mwenzetu aelezwe na upande huu pia.

Mkulima wa Newala

Shikamoo mzee wangu, na asante Bi Shamba. Nimeangalia miche, na ile iliyo upande wa barabarani ina udongo uliofukuliwa shinani kama ulivyoeleza. Je, hoja ya ndugu wa Muheza inahusu mikorosho pia?

Bwana shamba mstaafu

Marahaba. Ndugu wa Muheza amesema kweli: maji moto hupenda umande wa sukari unaotolewa na vidugamba na huwalinda wadudu hao, na kwenye michungwa gharama hiyo inaweza kuwa kubwa. Kwenye mikorosho mimi huipima tofauti, kwa sababu chipukizi lililofyonzwa na mbu halitoi ua, na pasipo ua hakuna korosho. Tena korosho huokotwa chini baada ya bibo kuanguka, kwa hiyo maji moto hawawasumbui waokotaji kama wanavyomsumbua mchuma machungwa au mkwezi wa minazi. Vijana wako wapake majivu mikononi na miguuni, na kazi ya chini ya ile miti ya zamani waifanye asubuhi mapema kungali na baridi, maji moto wakiwa bado wazito.

Kwa miche iliyo jirani na miti ya zamani usihamishe kiota chochote. Funga kamba kutoka tawi lenye maji moto hadi kwenye mche, nao watavuka wenyewe, huku malkia akibaki alipo. Wakati wa kiangazi, machipukizi yakiwa machache, watundikie vichwa vya dagaa au mabaki ya samaki ili wasirudi walikotoka. Ile ya barabarani iache mpaka umeshughulikia sisimizi wa chini. Kisha kila wiki wakati wa kuchipua hesabu matawi makubwa ya kila mti: ikiwa zaidi ya nusu yana misururu ya maji moto, mti huo usiupulizie dawa ya wadudu. Yakiwa pungufu ya hapo, kagua machipukizi kwa macho kabla ya kuamua.