Mjadala: Kufungua injini uani kwako, haki yako au kero kwa jirani?

MWANZISHA MADA, TUDOR
Kamati ya nyumba tunazokaa inataka kupiga marufuku kufungua injini ndani ya ua. Kubadilisha oili na plagi ruhusa. Kung'oa silinda hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda za injini, peleka gereji. Mimi napinga, na naomba tulijadili bila kutupiana maneno.

Magari mengi tunayoendesha yameshushwa hapa hapa bandari ya Kilindini, Mombasa, yakiwa yametumika Japani. Sheria ya Kenya inazuia kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini likishaingia tunakaa nalo mpaka lizeeke. Siku likichemsha likaunguza gasketi ya hedi (kizibo chembamba kati ya hedi na bloku ya injini), mwenye kipato kidogo ama aliache liliwe na hewa ya chumvi, ama ajifunze. Na linafundishika. Chukua injini ya 1NZ, ile ya Toyota Probox: hedi imeshikwa na bolti 10. Unazilegeza kutoka pembeni kuja katikati. Wakati wa kurudisha unaanzia katikati kwenda pembeni, zote kwa toku renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) hadi nyutoni mita 29, kisha kila moja robo mzunguko, kisha robo nyingine. Utaratibu huu umeandikwa. Mtu anayeufuata pole pole kwa gari lake mwenyewe anaweza kuwa makini kuliko kijana wa gereji mwenye foleni ya wateja wanaompigia simu.

FUNDI, CHANGAMWE
Kaka, umeeleza kukaza, ukaruka penye kazi yenyewe. Hedi ya aluminiamu ikichemshwa sana hupinda. Lazima ipimwe kwa rula ya chuma na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), na ikipita kiwango cha kitabu iende kwenye mashine ikasawazishwe. Hakuna ua wenye mashine hiyo.

Halafu, kwa nini ilichemka? Hapa pwani naletewa injini zilizonyweshwa maji ya kisima, yale ya chumvi. Ukiinua hedi unakuta njia za maji zimejaa kutu na magamba meupe, na aluminiamu imeliwa ukingoni mwa tundu mpaka gasketi haina pa kukalia. Mtu anabadilisha gasketi, anarudisha maji yale yale, gari linachemka tena. Sisemi haya kwa kulinda riziki yangu; inaniuma kuona mtu ametumia pesa mara mbili.

MAMA WATOTO, MIKINDANI
Ndugu zangu, nyote mwazungumza injini. Mimi nazungumza uwanja. Oili chafu ikimwagwa mtaroni, mvua za masika zinaipeleka baharini, kwenye mikoko, ambako watu wanavua. Kulanti, dawa ya kupoza injini, ina ladha tamu nayo ni sumu. Ikiachwa kwenye beseni, paka anakunywa, mtoto naye anaonja. Na gari lililopandishwa juu ya mawe badala ya stendi, nani atawazuia watoto wasiufuate mpira chini yake?

MWANZISHA MADA, TUDOR
Fundi, kuhusu hedi nakubali: ipelekwe kwenye mashine, na maji ya kisima yakome. Lakini kulipia kusawazisha peke yake si sawa na kulipia kazi nzima.

Dada, hofu yako ni ya haki, ila marufuku haiondoi oili, inaihamisha tu. Zipo gereji za kando ya barabara ambazo ardhi yake ni nyeusi kwa oili ya miaka. Bora kamati iweke masharti: stendi za chuma, oili na kulanti ndani ya mtungi wenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaokusanya, kazi ya kila siku ikome kabla ya magharibi, na gari lisikae injini ikiwa wazi zaidi ya wiki mbili.

MAMA WATOTO, MIKINDANI
Masharti ni mazuri. Lakini Jumapili mchana, mlinzi yuko getini na mwenyekiti kasafiri, nani atakagua huo mtungi? Nikijibiwa hilo nitabadilisha kura. Kwa sasa niko na kamati.