Tupeane uzoefu: mliohamia Linux na Mastodon huku nyanda za juu kusini, ilikuwaje?

Wakuu, habari za baridi. Nina stationery ndogo hapa Mwanjelwa: kompyuta mbili, printa moja, na wateja ambao flashi zao zina virusi vingi kuliko mafaili. Windows zangu zilikuwa za kuchakachua, kila baada ya miezi miwili mitatu napiga upya. Mwaka jana kijana mmoja wa chuo akaniwekea Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, nikampa hela ya chipsi. Virusi vile vya Windows sasa vinalala tu kwenye flashi, havina pa kushika.

Kimbembe kikawa CV. Mteja analeta faili la Word la kurasa mbili, kwangu linafunguka tatu, majedwali yamehama. Anaona nimemharibia, anaondoka kwa jirani. Kumbe ni fonti, yaani aina ya herufi. Calibri ni mali ya Microsoft, haiji na Linux. Ukiweka Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule, mistari inarudi mahali pake. Badala ya Times New Roman ipo Liberation Serif. Ningelijua hilo mapema nisingepoteza wateja.

Kijana huyohuyo akaniingiza Mastodon, mtandao wa kijamii usio na mmiliki mmoja. Nikaandika "habari za jioni". Kimya. Siku ya tatu, kimya. Wenzangu mlianzaje?

Mbena_wa_Parachichi: Hahaha, kimya hicho nakijua mkuu. Kule ukurasa wako wa mwanzo haupangwi na mtambo, unakuletea ya unaowafuata, kwa mpangilio wa saa. Usipofuata mtu, ni uwanja wa gulio siku isiyo ya gulio. Andika utambulisho, weka alama za reli (hashtag), ndizo watu wanazotafutia. Mimi niliandika kuhusu miche ya parachichi, nikafuatwa na Wazungu wawili wanaojifunza Kiswahili. Sasa wananisahihisha ngeli!

Mwalimu_Mafinga: Mimi nimeanza zamani, enzi za Jambo OpenOffice, ile programu ya ofisi ya Kiswahili ya 2004 iliyotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuona menyu kwa lugha yangu nilifurahi kama mtoto. Mastodon ndiyo ilinitoa jasho, maana swali la kwanza ni chagua seva, yaani kompyuta itakayotunza akaunti yako. Ipi sasa? Binti yangu akanielewesha kwa laini za simu: wewe uko mtandao huu, shoga yako ule, na bado mnapigiana. Seva hizo zinaelewana kwa kanuni inaitwa ActivityPub, W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, waliipitisha 2018. Kwa hiyo nikiwa Mastodon namfuata mpwa wangu aliyeko Pixelfed anakoweka picha.

Kihesa_Juu: Msichague seva kwa kupenda jina. Yangu ilikuwa ya mtu mmoja anayelipia mfukoni mwake, akachoka, akafunga. Simlaumu. Alitangaza, mimi nilikuwa shamba, sikuona. Kuhama ni rahisi seva ya zamani ikiwa bado hewani: wanaokufuata wanahama nawe, posti ndizo zinabaki kule. Mimi nilirudi nikakuta imezimwa, wafuasi wangu wote wakaishia hapo. Siku hizi natazama orodha ya seva kwenye joinmastodon, tovuti ya Mastodon wenyewe, maana seva zilizomo zimeahidi kutoa taarifa miezi 3 kabla ya kufunga. Na kila mwisho wa mwezi napakua faili la watu ninaowafuata. Dakika moja tu.

Iyunga_Terminal: Nyongeza. Ujumbe wa faragha kule haujafungwa kwa ufunguo, mwenye seva akitaka anausoma. Mambo ya hela na ya chumbani pelekeni kwingine.

Kahawa_Mbozi: Nilikaa wiki mbili, nikarudi nilikotoka. Wateja wangu wako WhatsApp, nitawahubiria mpaka lini? Linux lakini siachi, laptop yangu ya ramu GB 4 ilikuwa inaelekea kwa wauza vyuma chakavu.

Mwenye mada: Mwalimu, shikamoo. Mbena, ndaga fijo, ingawa hicho ni Kinyakyusa. Jana usiku nimeandika utambulisho upya, nikaweka #Mbeya na #stationery. Leo asubuhi nimepata jibu la kwanza. Yuko Tukuyu, anauliza kulamineti cheti ni shilingi ngapi.